Chujio, mabwawa au kampuni ya vifaa: kijana wa fani ya maji aanzie wapi?

Mpwa wangu alipiga simu saa tatu usiku. Watoto wa siku hizi wakikupigia badala ya kuandika, ujue kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Kwema?"

Kwema, ila amekwama. Alimaliza stashahada Chuo cha Maji, pale Ubungo, akazunguka na bahasha ya kaki mwaka mzima bila kuitwa hata kwenye usaili, halafu ndani ya wiki mbili zikaja nafasi tatu. Ya kwanza ni uendeshaji wa mitambo kwenye chujio la maji, kanda ya ziwa. Ya pili ni kwenye mabwawa ya majitaka ya mji mwingine. Ya tatu ni kampuni binafsi ya Dar es Salaam inayouza na kufunga pampu, dira za maji na mitambo ya kuondoa chumvi. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alishatoa hukumu: "Sikuuza ng'ombe mtoto asome ili akachunge kinyesi."

Mimi nimefanya kazi kwenye chujio miaka tisa. Kisha nikahamishiwa majitaka, na siku napewa barua nilihesabu nimeadhibiwa. Nikaishia kukaa huko miaka kumi na mmoja kwa hiari yangu. Kampuni za vifaa hazijawahi kuniajiri, lakini nimepokea mitambo yao, nimeisainia, na mingine nimeiona ikifunikwa turubai kabla ya kutimiza miaka miwili. Nilimwambia asianze na mshahara, huo ataukuta kwenye barua. Aulize kila kazi itamwamsha usiku kwa jambo gani, na kukicha atakuwa amejifunza nini.

Chujioni

Kazi ya chujio inaeleweka kwa kila mtu, na hiyo ni faida yake ya kwanza. Ukisema nyumbani "natibu maji", hakuna anayekunja uso. Maji ghafi yanaingia kwenye kidakio, yanatiwa shabu ili uchafu mdogo ugandamane, yanatuama, yanapita kwenye mchanga, yanatiwa dawa, yanakwenda kwenye tenki. Kwenye karatasi ni hatua sita. Kwa mkono ni ustadi wa miaka.

Tofauti kubwa iko kwenye chanzo, na waajiriwa wapya hawaiulizi. Chujio la mto na chujio la ziwa ni kazi mbili. Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanayolisha Dar es Salaam kwa uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, yanakula maji ya mto. Mto una hasira: asubuhi maji ni kama chai ya rangi, jioni mvua ikinyesha Uluguru ni uji wa ulezi. Ziwa Victoria halina papara hizo. Lenyewe lina mwani, ambao haukusumbui kwa rangi bali kwa kuziba mchanga wa vichujio na kuyapa maji harufu ya udongo ambayo wateja watakupigia simu kuilalamikia hata kama maji ni salama kabisa. Pale Ihelele, kwenye mradi unaopeleka maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama, uwezo ni lita milioni 80 kwa siku na maji yanasukumwa umbali mrefu kupanda mlima. Fundi wa mahali kama hapo anajua pampu kubwa na bili za umeme kuliko anavyojua tope.

Usiku ulionifundisha kazi ulikuwa wa masika, kwenye chujio la mto ambalo silitaji. Uchafu wa maji ghafi ulikuwa NTU 80 (hicho ndicho kipimo cha ukungu wa maji) saa nne usiku. Saa saba kipimo kilivuka 3,000. Nilikuwa zamu na kijana mmoja wa mafunzo. Nikafanya nilichoona wakubwa wakifanya: nikaongeza shabu. Nikaongeza tena. Mabonge hayakutokea, maji yakabaki na ukungu wa maziwa. Nikaendelea kuongeza hadi mzee aliyekuwa amestaafu, anakaa jirani na kituo, alipokuja na kanda mbili akauliza swali moja: "Chokaa umetia?" Sikuwa nimetia. Shabu inakula alkali ya maji, yaani ule uwezo wake wa kuhimili tindikali. Ukiimimina bila kuyaongezea maji chokaa, maji yanakuwa na tindikali na shabu haigandi. Tulikuwa na majagi sita ya glasi yaliyopangwa mstari, kila jagi na pangaboi lake dogo, kwa ajili hasa ya kujaribu vipimo kabla ya kumwaga dawa kwenye mtambo mzima. Yalikuwa kabatini yamefungiwa. Ufunguo alikuwa nao mtu wa maabara, naye alikuwa likizo.

Nilimsimulia mpwa wangu hilo ili ajue cha kuuliza kwenye usaili: maabara inafunguliwa usiku? Mwendesha mitambo anaruhusiwa kutumia majagi mwenyewe? Wakijibu kwamba vipimo ni kazi ya watu wa maabara saa za ofisi, hapo atakuwa mwandishi wa daftari la zamu. Kila saa namba, kila saa namba, miaka mitatu inapita.

Hasara nyingine ya chujio ni kwamba likienda vizuri hujifunzi. Mtambo uliotulia unafundisha polepole. Na nafasi za juu zimejaa: fani hii ndiyo kila mhitimu anayoitaka.

Kwanza tumalize habari ya dawa

Akienda chujioni, kifaa atakachokaa nacho karibu kuliko vyote ni cha klorini, na hapo ndipo mamlaka nyingi za miji ya kati zinabadilisha mitambo. Kuna njia tatu, na kwa kuwa aliniuliza nitamjibu kwa hesabu. Chukua mji unaotoa lita milioni 10 kwa siku, dawa miligramu 2 kwa lita. Unahitaji kilo 20 za klorini kila siku.

Gesi ndiyo rahisi kwa bei na kwa nguvu. Mtungi wa kilo 68 unakupa siku tatu na kidogo, pipa la tani moja linakupa mwezi na nusu. Haipotezi nguvu ikikaa. Lakini klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, ikivuja inatambaa chini kama ukungu, inajaa mitaroni na mabondeni. Huikimbii kwa kuteremka; unapanda, tena ukiupa upepo uso. Kuipata inapovujia, tunapitisha kitambaa kilicholowa amonia kwenye viungio, penye kovu panatoa moshi mweupe. Nimefanya hivyo mara nyingi na sijawahi kuzoea. Kituo chenye gesi kisicho na vinyago vya kupumulia vinavyofanya kazi, na nyumba za watu ziko mita hamsini, mimi singemruhusu mwanangu aripoti.

Poda, ile ya ngoma za plastiki yenye klorini asilimia 65 hivi, ndiyo wengi wanaiita HTH. Kwa mji wetu wa mfano ni kama kilo 31 kwa siku. Haikuui ghafla, haihitaji umeme, kijana wa jumuiya ya maji kijijini anaifundishwa kwa siku moja. Ubaya wake unakuja taratibu: joto na unyevu vinaila nguvu ikiwa stoo, kwa hiyo kipimo kilichokuwa sahihi Januari ni pungufu Aprili na hakuna aliyebadilisha. Inaacha mashapo meupe yanayoziba mipira ya pampu ya dozi. Na ikigusana na mafuta au grisi inaweza kuwaka. Nimeona ngoma zimepangwa stoo moja na dizeli ya jenereta.

Njia ya tatu ndiyo mpya kwa wengi wetu: kutengeneza dawa hapohapo kwa chumvi na umeme. Unayeyusha chumvi, unapitisha umeme, inatoka klorini ya maji isiyofika asilimia moja, dhaifu kuliko ile ya kufulia nguo. Kwa kilo 20 kwa siku utakula takriban kilo 70 za chumvi na uniti 100 za umeme, na utapata kama lita 2,500 za dawa za kuhifadhi kwenye tangi. Hakuna mtungi wa kuvuja, hakuna kusubiri meli. Lakini usidanganywe na brosha. Chumvi ikiwa na madini ya ziada, au maji ya kuyeyushia yakiwa magumu, sahani za ndani zinavaa gamba na inabidi zioshwe kwa asidi. Tena mtambo unatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inatakiwa itoke nje kwa bomba lake. Chumba kisicho na madirisha ni hatari. Na umeme ukikatika siku mbili, tangi ndilo litakalokuokoa, kama ulijaza.

Ningekuwa mimi nanunua: jiji kubwa lenye mafundi na uzio, gesi. Mji wa kati wenye umeme wa kuaminika, chumvi, na stoo iwe na ngoma chache za poda za akiba. Kijiji, poda, basi. Fundi kijana atafute kituo chenye njia ya tatu, kwa sababu hapo atajifunza umeme, kemia na mabomba kwa mpigo mmoja, na hao mafundi bado ni wa kuhesabu.

Mabwawani

Sasa tuje kwa kinyesi, kama dada anavyopenda kusema.

Kwanza, picha aliyo nayo siyo. Sehemu kubwa ya majitaka yanayotibiwa kwenye miji yetu yanatibiwa na mabwawa tu, bila mota hata moja. Vingunguti, Dar es Salaam, ni mabwawa. Ruai, pembezoni mwa Nairobi, ni mabwawa makubwa yanayotembelewa na watazama ndege. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita tatu hadi tano, halina hewa, na humo matope yanaoza na kutoa gesi. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi; juu kuna mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni kwa jua, chini kuna giza. Ya mwisho ni mafupi, ambako jua lenyewe linaua vijidudu. Bwawa zuri la pili ni kijani kama sukuma wiki. Ukiona rangi nyingine yoyote, kuna la kuuliza.

Kazi yenyewe? Kusafisha chekecheo, ambako utakuta vitu ambavyo hutaki kujua vimeingiaje chooni. Kukata nyasi za kingo, maana mbu na nyoka hawasubiri bajeti. Kupima. Na kupokea magari ya kunyonya majitaka, ambayo ndiyo moyo wa biashara, kwa sababu kaya nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zina shimo au karo. Gari linakuja limebeba topekinyesi ambalo ni zito mara kadhaa kuliko majitaka ya bomba, na dereva anaapa ametoka nyumbani kwa mtu kumbe ametoka karakana ya betri. Kujua hilo kwa pua na kwa karatasi ya kupimia tindikali ni ujuzi. Kuna mitaa ambako gari halipiti kabisa, na kazi inafanywa na vyura, wale vijana wanaoingia shimoni kwa mkono, au mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo mtaroni. Pampu za mkono za kunyonya topekinyesi na mitambo midogo ya kulitibu mitaani zimeanza kuonekana Dar es Salaam, na kwangu mimi hicho ndicho kifaa kipya chenye maana kuliko vyote nilivyotaja, ingawa hakina skrini.

Hatari yake siyo harufu. Hatari ni gesi ambayo kwanza inanuka yai viza, kisha inakoma kunuka kwa sababu imeitia pua yako ganzi. Ikifika sehemu mia kwa milioni huisikii tena; ikizidi mara kadhaa ya hapo, unaanguka. Kwenye chemba na visima vya pampu mara nyingi hafi mmoja: wa pili anaingia kumwokoa wa kwanza. Kwa hiyo swali la usaili ni moja, na aliulize bila aibu: mna kipima gesi, kile cha gesi nne, na mara ya mwisho kilihakikiwa lini? Wakianza kutazamana, ashukuru, anyanyuke.

Na kwa msichana kuna mengine ambayo mjomba naye lazima ayaseme. Je, kuna bafu na chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake? Buti namba 37 zipo, au atapewa 42 ajaze magazeti? Chujio nyingi siku hizi zimejirekebisha. Kwenye mabwawa, vituo vingi vilijengwa kama kwamba mwanamke hatafika.

Mabwawa si mwisho wa safari. Ardhi ya mijini imepanda bei, na miji inayokosa ekari za kuchimba mabwawa inakwenda kwenye mitambo. Kariobangi, Nairobi, maji yananyunyizwa juu ya mawe yenye utando wa vijidudu. Bugolobi, Kampala, kuna mtambo wa takriban lita milioni 45 kwa siku ambao gesi ya matope yake inazalisha umeme. Kuna mitambo ya kupuliza hewa, ambako vijidudu vinafugwa kwenye tangi na mablowa yanakula zaidi ya nusu ya umeme wote wa kituo. Huko mwendesha mitambo ni mfugaji. Anaangalia povu, rangi, harufu, anajua kundi lake limezeeka au lina njaa, anaamua leo atoe matope kiasi gani. Hakuna kitabu kitakachokuambia hilo kwa kituo chako. Miaka yangu miwili ya kwanza majitaka ilinifundisha baiolojia kuliko miaka tisa ya chujio.

Na kuna jambo la Windhoek. Namibia ni kavu, na tangu 1968 mji ule unachukua majitaka yaliyotibiwa, unayatibu tena, na kuyarudisha kwenye bomba la kunywa. Kituo kipya cha Goreangab, cha 2002, kina uwezo wa lita milioni 21 kwa siku. Ukiingia pale, mlango wa mbele ni majitaka na wa nyuma ni bilauri. Miji inayoishiwa mito itafuata, kwa hiari au kwa kiu, na mtu aliyeanzia chujioni atalazimika kujifunza upya mlango wa mbele. Aliyeanzia majitaka ana safari fupi zaidi.

Kwa wauzaji

Kampuni ya vifaa ina mshahara mzuri wa kuanzia kuliko zote mbili, ina gari, ina safari. Leo uko Mtwara, keshokutwa Zanzibar hotelini. Kijana wa miaka ishirini na nne atakataaje? Faida ya kweli lakini siyo posho. Ni kwamba ndani ya mwaka mmoja utaona mitambo thelathini, wakati mwenzako wa chujioni ameona mmoja.

Ila ujue unachouza. Chukua mtambo wa kuondoa chumvi kwa utando. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na kuyasukuma yapite kwenye utando kunahitaji mgandamizo wa bar 55 hadi 70. Hata mitambo mizuri ya kisasa inakula uniti tatu au nne kwa kila lita 1,000. Kisima chenye chumvi ya wastani, kama vingi vya ukanda wa pwani, ni nafuu zaidi kwa mbali. Hoteli inaweza kulipa. Kijiji, mara nyingi hakiwezi, na nimeona mashine nzuri zikifa kwa sababu ya chujio dogo la awali la bei ya kuku wawili ambalo hakuna aliyejua kwamba linabadilishwa. Halafu kuna maji ya taka yenye chumvi kali: unayamwaga wapi? Muuzaji aliyemaliza kufunga ameshaondoka.

Arusha na kandokando ya Meru shida ni floraidi, ile inayotia meno kahawia na, kwa wingi, kupinda mifupa ya watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapa mnunuzi ana chaguo halisi: mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, utando wa kuondoa chumvi, au kichujio kama kile cha Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, kilichoshinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015. Mkaa wa mifupa ni wa bei ndogo lakini unachoka, na hauonekani umechoka. Bila kupima unakunywa floraidi kupitia mkaa. Utando unaondoa karibu kila kitu, hata umeme wako. Kwa kaya moja au kibanda cha maji ningechukua kichujio chenye mtu wa kukibadilishia vijazo hapo mtaani, wa jina lolote. Kifaa bila vipuri vya jirani ni sanamu.

Dira ndizo zitakazomlisha kila siku. Dira ya kawaida ina kijigurudumu. Mchanga unaikwamisha, ikizeeka inasoma pungufu hasa maji yanapopita taratibu, na maji yakirudi baada ya mgao, hewa iliyo kwenye bomba inaizungusha na mteja anatozwa upepo. Dira ya mawimbi ya sauti haina kinachozunguka ndani, inashika hata tone la choo kinachovuja, lakini ni ghali na betri ikiisha imeisha. Dira za malipo ya kabla, ambazo wateja wanaziita LUKU ya maji, zinaondoa ugomvi wa ankara na zinaleta ugomvi wa valvu: valvu ndogo ikikwama imefungwa Jumamosi usiku, aliyelipa hana maji, na simu inakuja kwa fundi wa kampuni, siyo kwa mamlaka. Hapo ndipo mpwa wangu alicheka. Alikuwa ameambiwa kazi ni ya saa mbili hadi kumi na moja.

Ubaya wa njia hii ni mmoja lakini mkubwa: unajifunza kufunga, hujifunzi kuishi na ulichofunga. Mtambo unauonyesha siku ukiwa mpya, umepakwa rangi, mheshimiwa anakata utepe. Mwaka wa tatu, kiungio kikianza kulia, wewe uko mkoa mwingine na nukuu ya bei mkononi. Ningependa mtu aifikie kazi ya kuuza baada ya kuteseka na vifaa vya wengine kwa miaka minne. Atauza kidogo zaidi, na wateja watampigia tena.

Mtu akiniuliza habari za Ghuba, na huwa wanauliza, maana kila ukoo wa pwani una mtu Muscat: huko kazi zipo, mitambo ni ya kisasa, na kituo kama Al Ansab kinatibu majitaka kwa utando na kina ziwa linalovutia ndege. Wanachotafuta ni mtu mwenye zamu nyuma yake, aliyewahi kuendesha, mwenye Kiingereza cha kuandika ripoti. Cheti kitupu hakivuki bahari.

Nilichomwambia

Angekuwa kaka yake, ambaye haketi kitako na anapenda umeme, ningesema nenda kampuni, lakini omba kitengo cha matengenezo na uikatae idara ya mauzo hata wakikuongezea. Angekuwa rafiki yake yule mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri, anayetaka kuolewa Mwanza na kujenga, chujio la ziwa lisingemtupa: ajira tulivu, heshima mtaani, pensheni. Sioni ubaya hata kidogo, na miji inaishi kwa watu hao.

Kwake nilisema mabwawa, miaka mitatu. Watu ni wachache, kwa hiyo atapewa majukumu mapema. Maabara atashika yeye kwa sababu hakuna mwingine. Jioni asome umeme wa viwandani, hata kozi fupi ya VETA, kwa kuwa fundi sanifu wa maji anayeweza kufungua paneli ya pampu bila kumngoja fundi umeme ana thamani ya watu wawili. Chujio litamngoja. Aliyetoka majitaka kwenda maji safi nimewaona wengi. Wa kurudi njia ile nyingine ni mimi, na nilipelekwa kwa barua.

Dada hakuzungumza nami wiki mbili.

Mtoto akaripoti mwezi wa tisa. Alidai buti za saizi yake na akapata, baada ya barua tatu. Kipima gesi kilikuwepo, ila betri zilikuwa zimevimba ndani. Mwezi wa nne kazini akapiga simu tena, safari hii saa kumi na mbili asubuhi, sauti imepanda.

"Mjomba, bwawa la pili limegeuka rangi. Zambarau, kama juisi ya zabibu. Mkuu anasema ni rangi ya kiwanda cha vitenge."

"Kiwanda cha vitenge kipo hapo mjini?"

Akanyamaza kidogo. "Hakipo."

"Basi hao ni vijidudu. Wanapenda salfa na hawapendi hewa. Wakitawala bwawa, ujue limelishwa kuliko linavyoweza kusaga na mwani umezidiwa. Jana mlipokea magari mangapi?"

Nikasikia kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Yameandikwa kumi na mawili," akasema. "Lakini usiku geti halina mtu, mjomba. Ngoja nikaangalie alama za matairi."